Ngumi ya Ngannou wote tumeiona, mkataba wake nani kausoma?

Kila mada ya Francis Ngannou, yule mpiganaji Mkameruni, ikianza, iwe kijiweni Sinza au kwenye group la WhatsApp la wapenda ngumi, dakika mbili haziishi mtu ashatuma ile klipu anayompiga Alistair Overeem ya Desemba 2017, ile apakati ya kushoto iliyomfanya mtu mzima aangalie dari bila kupenda. Mwingine anajibu na klipu ya bondia Tyson Fury anakaa chini raundi ya tatu pale Riyadh, Oktoba 2023. Baada ya hapo mjadala unakuwa nani ana ngumi nzito duniani na unaishia hapo hapo. Mimi hizo klipu nazipenda sana tu, ila sikubali kwamba ndo zimebeba kazi yake. Ukiniuliza Ngannou alipigana lini pambano lake kubwa kuliko yote nitakuambia ni mwaka 2022, kuanzia mwisho wa Januari mpaka Desemba, mwaka ambao alikuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, ile kampuni kubwa ya mapambano ya MMA (ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja), goti limetoka kufanyiwa upasuaji, hajaingia ulingoni hata mara moja zaidi ya lile pambano la Januari, na karatasi waliyomwekea mezani akawa anakataa kuisaini.

Nataka tuongelee hilo kwa kirefu kwasababu naona linatuhusu sisi wa Dar kuliko ngumi zake.

Historia ya jamaa wengi mnaijua kwa juu juu kwahiyo sitaizungusha. Kazaliwa Batié, Kameruni, mwaka 1986, kaanza kuchimba mchanga machimboni akiwa mtoto wa kama miaka kumi, ndoto yake ilikuwa ngumi za kawaida, tena kaanza kujifunza ngumi akiwa na miaka 22, umri ambao hapa kwetu bondia wa Manzese ashapigana mapambano hata 15 na anaanza kuambiwa anazeeka. Mwaka 2012 akaondoka. Yani alizamia. Nigeria, Niger, jangwani, Algeria, Moroko, kule akakaa karibu mwaka mzima anajaribu kuvuka anarudishwa, mwisho kavuka kwa maji mpaka Hispania akawekwa ndani miezi miwili, akatoka akaenda Paris akawa analala kwenye maegesho ya magari. Hapa Dar hii habari haihitaji kufafanuliwa, kila mtaa una mtu aliyezamia meli au aliyekwenda Sauzi kwa kuungaunga mabasi, wengine wamerudi wengine hatujui walipo. Ninachotaka mkishike ni kimoja tu, huyu mtu alishakaa bila kitu kabisa kabisa, kwahiyo miaka kumi baadaye aliposhikiwa hela na kutishiwa kwamba asiposaini ataikosa, tishio halikuwa na nguvu ile ambayo lingekuwa nayo kwa mtu mwingine.

Pale Paris akafika jimu ya MMA Factory kwa kocha Fernand Lopez, Novemba 2013 akapigana pambano lake la kwanza la MMA, na Desemba 2015 yuko UFC. Miaka miwili. Mapambano sita ya kwanza UFC akashinda yote, hakuna aliyefika mwisho wa raundi ya tatu. Januari 2018 akapewa pambano la mkanda na bingwa Stipe Miocic kule Boston.

Hapa nakaa kidogo mana ndo sehemu ambayo watu wa klipu wanairuka. Raundi ya kwanza Ngannou alirusha kila alichonacho. Miocic hakuanguka. Raundi ya pili pumzi imekata, ya tatu anaangushwa chini kama mzigo, ya nne na ya tano mnaangalia mtu mkubwa wa kilo karibu 120 amelaliwa na hawezi kunyanyuka. Majaji wote watatu wakampa Miocic, 50 kwa 44. Miezi sita baadaye akakutana na Derrick Lewis, wakasimama dakika 15 wanaangaliana, likawa moja ya mapambano mabovu zaidi kuwahi kuonekana kwenye uzito ule, na yeye mwenyewe akakiri kwamba hofu ya pambano la nyuma aliingia nayo. Watu wakasema kwisha habari yake, ilikuwa kiki tu.

Tatizo halikuwa ngumi wala moyo. Tatizo ni kwamba mtu mwenye miaka minne tu kwenye mchezo alikuwa anauzwa kama zao lililokomaa. MMA sio ngumi. Unaweza kuwa na mkono wa kuua ng'ombe ila ukishikwa miguu ukabebwa ukawekwa chini, ule mkono unakuwa hauna kazi, na kujifunza kutoshikwa miguu hakuchukui miezi miwili, kunachukua miaka ya kusagwa mkekani na watu wanaojua mieleka tangu shule. Kampuni ilikuwa inauza tiketi. Ya nani amefundishwa nini na bado nini, hiyo ilikuwa kazi yake yeye na watu wake.

Na aliifanya. Alihamia Las Vegas, jimu ya Xtreme Couture, kocha Eric Nicksick, akatulia. Curtis Blaydes sekunde 45. Cain Velasquez sekunde 26. Junior dos Santos dakika moja na sekunde 11. Rozenstruik sekunde 20. Ila Machi 27, 2021 alipokutana tena na Miocic ndo tuliona kazi ya kweli, Miocic akaenda kushika mguu, Ngannou akazuia, akamzunguka mgongoni, akatulia, hakukimbilia kumaliza, raundi ya pili akammaliza. Kamaru Usman, Mnigeria, alikuwa kwenye kona yake siku hiyo. Kwa mara ya kwanza Afrika ikawa na watu watatu wenye mikanda ya UFC kwa wakati mmoja, Usman, Israel Adesanya na Ngannou. Mapambano yale ya Las Vegas huku kwetu yalikuwa yanaingia Jumapili alfajiri, kadi kuu saa kumi na moja au kumi na mbili, na asubuhi ile simu za watu mjini ziliamka na jina moja.

Sasa twende kwenye mkataba.

Mwisho wa 2017, kabla hajapigwa na Miocic, Ngannou alisaini mkataba wa mapambano nane. Mikataba ya UFC ina kipengele cha bingwa, ukiwa na mkanda mkataba unajirefusha, kwahiyo kadri unavyofanikiwa ndo unavyozidi kufungwa, huwezi kwenda sokoni ukiwa na thamani kubwa, unakwenda ukishapigwa. Lakini kwenye kizazi kile cha mikataba kulikuwa na ukomo wa miaka mitano, ikifika miaka mitano imekwisha hata kama una mkanda. Huo ukomo uliingia kipindi UFC wanashtakiwa na wapiganaji wao wenyewe, kesi iliyofunguliwa 2014 wakidai kampuni imeshika soko lote na kubana malipo. Ngannou na watu wake walipiga hesabu, miaka mitano inakwisha Desemba 2022.

Fikiria alivyokuwa anabanwa. Kachukua mkanda Machi 2021, kufika Agosti mwaka huo huo kampuni ikatengeneza mkanda wa muda, Ciryl Gane na Derrick Lewis wakaupigania, miezi minne tu baada ya yeye kuwa bingwa, wakati kawaida mkanda wa muda ni pale bingwa ameumia au hayupo kabisa. Gane akashinda. Gane ni kijana wa MMA Factory, wa Fernand Lopez, kocha yule yule wa zamani wa Ngannou, kwahiyo Januari 22, 2022 kona ya pili alikuwa amekaa mtu anayejua siri zake zote za mazoezini. Na goti lilikuwa limeshaharibika kabla ya pambano. Mtu mwingine angeahirisha, ila kuahirisha kulikuwa na maana ya saa ya mkataba kuchezewa, muda unaweza kuongezwa. Akaingia hivyo hivyo na goti bovu, raundi mbili za kwanza akapoteza, ya tatu akabadilisha kila kitu, akaanza kumwangusha Gane chini, mara nne kwa pambano zima, mtu ambaye miaka minne nyuma alikuwa anabebwa kama gunia leo anambeba mwenzake, na akashinda kwa pointi.

Malipo yaliyotajwa ya usiku ule ni dola 600,000, kwa hela yetu ni karibu bilioni moja na nusu. Najua wengi mtasema si hela hiyo jamani. Ni hela. Ila bingwa wa uzito wa juu kwenye ngumi za kawaida kwa kiwango kile angecheka, na yeye alijua, kwasababu thamani ya mpiganaji haipimwi kwa kulinganisha na mshahara wa mtu wa Mbagala, inapimwa kwa kulinganisha na alichoingiza.

Akafanyiwa upasuaji wa goti Machi, akakaa. Mwaka mzima. Desemba ikafika. Januari 14, 2023 bosi wa UFC, Dana White, akatangaza mbele ya waandishi kwamba wameachana, akasema walimpa ofa ya kumfanya alipwe kuliko mtu yeyote wa uzito wa juu katika historia ya kampuni, zaidi hata ya Brock Lesnar, na kwamba jamaa anataka watu wepesi kwa hela nyingi. Ngannou akaeleza alichoomba. Ndio, uhuru wa kupigana ngumi za kawaida ulikuwemo. Ila pia aliomba bima ya afya kwa wapiganaji, aliomba mpiganaji aruhusiwe kuwa na wadhamini wake mwenyewe kwenye bukta, kwasababu tangu 2015 kampuni ilipoingia mkataba wa mavazi na Reebok wapiganaji walinyang'anywa hilo, na aliomba wapiganaji wawe na mtu wa kuwasemea kwenye vikao vya wakubwa. Hayo ya bima na ya mtu wa kuwasemea hayamwongezei yeye hata senti. Akaambiwa hapana.

Naheshimu sana mtu ambaye akiwa na nguvu ya kujiombea peke yake anaomba na kwa ajili ya wengine. Wenye mawazo tofauti wapo na hoja yao naielewa, wanasema kakimbia Jon Jones, kaacha kujenga historia, Jones akaja Machi akamkaba Gane roba ndani ya raundi ya kwanza akachukua mkanda kiulaini. Kwa upande wa mchezo wenyewe ni kweli tulikosa pambano ambalo dunia nzima ilitaka kuliona na inauma mpaka leo. Lakini historia unayojengewa na mtu mwenye uwezo wa kukufungia nje muda wowote anaotaka sio yako, na huyu alikuwa na miaka 36, goti limeshonwa, amebakiza miaka michache ya kupigwa kichwani, na kichwa ni kile kile kimoja.

Kilichofuata mnakijua. Mei 2023 kasaini PFL, kampuni nyingine ya MMA, akapewa hisa, akapewa uenyekiti wa PFL Afrika, na akaweka sharti ambalo sijawahi kulisikia kwa bondia yeyote, kwamba mpinzani wake atakayepangiwa alipwe sio chini ya dola milioni mbili. Mpinzani! Oktoba akapigana na Fury, pambano lake la kwanza kabisa la ngumi za kulipwa, dhidi ya bingwa wa WBC, akamwangusha, akapoteza kwa majaji waliogawanyika, mmoja akimpa yeye. Alisema usiku ule ulimlipa zaidi ya miaka yake yote UFC ukijumlisha. Machi 2024 Anthony Joshua akamwangusha mara tatu akammaliza raundi ya pili, vibaya, na hapo tuseme ukweli, alikutana na mtu wa kiwango cha Olimpiki ambaye alijiandaa. Mwezi uliofuata akafiwa na mtoto wake mdogo, Kobe. Oktoba 2024 akarudi kwenye MMA, Riyadh, akammaliza Renan Ferreira raundi ya kwanza akalia pale pale. Ferreira naye ndo aliyefaidika na lile sharti la milioni mbili.

Na ile kesi ya 2014 nayo ilizaa. Mwaka 2024 wakakubaliana dola milioni 335, jaji Richard Boulware akakataa akaona ni ndogo, ikapanda mpaka milioni 375 na 2025 ikapitishwa, kwa ajili ya waliopigana kati ya 2010 na 2017. Kwenye hiyo kesi ndo nyaraka zilionesha wapiganaji walikuwa wanapata chini ya asilimia 20 ya mapato, wakati NBA wachezaji wanachukua karibu nusu. Wenzao wa ngumi kule Marekani wana sheria ya mwaka 2000 yenye jina la Muhammad Ali, inamlazimisha promota kumwonesha bondia anaingiza shilingi ngapi kutokana na pambano lake na inazuia mikataba ya kumfunga mtu. MMA haimo kwenye hiyo sheria. Ndo mana UFC imesaini dili la televisheni na Paramount la dola bilioni 7.7 kwa miaka saba na bado kijana mpya anaingia kwa 10 na 10, au 12 na 12, yani elfu kumi dola kwa kupigana na elfu kumi nyingine akishinda.

Hebu tuipige hesabu hiyo elfu kumi ya aliyepoteza. Karibu milioni 25 za kibongo, mtu wa hapa anasikia utajiri. Mgeni Marekani anakatwa kodi asilimia 30, imebaki elfu saba. Meneja anachukua asilimia 10 mpaka 20, kocha na jimu kama asilimia 10. Imebaki elfu nne na kitu. Humo ndo kuna kambi ya miezi miwili, chakula cha mpiganaji ambacho sio chapati na chai, watu wa sparingi, physio, vipimo. Na anapigana mara mbili tatu kwa mwaka kama hajaumia. Hana mshahara, sio mwajiriwa, ni mkandarasi. Sasa hiyo ni UFC, kileleni. Huku chini kwetu je?

Hapa Dar mchezo wenye hela ni ngumi, na ngumi zetu zimepanda sana, tusibeze, televisheni imeingia, kumbi zinajaa, TPBRC, tume ya ngumi za kulipwa, inasimamia, mshindi wakati mwingine anaondoka na gari. Ila kazi ya bondia wetu wa kawaida inaendeshwa na simu. Anapigiwa simu leo, wiki mbili zijazo au wiki moja awe Ulaya au Asia kupigana na mtu aliyekaa kambini miezi mitatu, uzito haujakaa sawa, anavaa majaketi mawili anakimbia juani kukata kilo, anapanda ndege na kocha au bila kocha, anapigwa, analipwa, anarudi. Tunamcheka mtandaoni. Wakati yule aliyemwita alikuwa ananunua ushindi wa mtu wake, na bei ya huo ushindi ni kichwa cha kijana wetu.

Mara moja moja hesabu yao inagoma. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alipelekwa Birmingham, siku ambayo pambano kubwa lilikuwa la Amir Khan, akawekewa Sam Eggington ambaye kila mtu pale alitegemea ashinde, Mwakinyo akammaliza raundi ya pili na nchi ikasimama. Lakini 2022 alirudi Uingereza, Liverpool, kwa Liam Smith, akaishia raundi ya nne, na alipoongelea viatu na maumivu ya mguu watu wakamgeuza utani wiki nzima. Mimi sikuona cha kucheka. Viatu, mzigo, safari, kocha, nani yuko kwenye kona, hayo ndo maandalizi yenyewe, na kwenye kiwango kile maandalizi ni nusu ya pambano. Kwenye timu ya Smith kuna mtu analipwa kuhakikisha viatu vipo.

Na Mandonga. Najua wapo wapenda ngumi wanaokunja uso wakisikia Karim Mandonga anatajwa kwenye mada ya watu serious, mimi namtaja kwa heshima zote. Yule alielewa kitu ambacho mabondia wenye rekodi nzuri kuliko yeye hawajaelewa mpaka leo, kwamba anayejaza ukumbi ndo mwenye sauti mezani. Kapigwa na Shaban Kaoneka 2022 na jina likazidi kukua, Januari 2023 akaenda Nairobi na ile ngumi yake aliyoiita Sugunyo akashinda, nchi mbili zinaongea yeye. Angekuwa na mtu wa kumsomea karatasi na kupanga miaka mitano mbele, ile kiki ingegeuka mali ya kudumu. Ngannou naye aliweza kukataa kwasababu dunia ilitaka kumuona. Bila hilo angekaa nyumbani na wasingempigia simu.

Kwahiyo swali ninalojiuliza kuhusu mpiganaji yeyote wa hapa sio ana ngumi nzito kiasi gani. Najiuliza, huyu anaweza kukataa pambano? Akiambiwa wiki mbili anaweza kusema hapana nipe wiki nane? Wengi hawawezi, kodi ya chumba haisubiri, mtoto ana ada, na promota anajua. Ngannou alipokataa alikuwa na akiba, meneja wa maana na mwanasheria. Ujasiri peke yake bila akiba hauvuki mwezi wa tatu. Ndo mana kwangu mimi jambo la kwanza la kubadilisha sio vipaji wala hata jimu, ni mikataba. Mkataba uandikwe Kiswahili, mpiganaji apewe siku za kuusoma nje ya ofisi ya promota, uwe na tarehe ya mwisho iliyo wazi, useme nani analipa matibabu baada ya pambano na kwa muda gani, na useme mgao wa wadhamini ukoje. Siombi makubwa hapo, na tume ina mamlaka ya kukataa kibali cha pambano ambalo karatasi zake hazina hayo.

Kuhusu MMA yenyewe, vijana naowaona wanahamasika nayo ni wengi, klipu zinatembea, mtu anajifunza kukaba roba kwenye YouTube. Zamani kina Japhet Kaseba walitamba kwenye kickboxing halafu wakaja kwenye ngumi, kwasababu ngumi ndo zilikuwa na hela na mapambano, na mpaka leo ukiwa na mateke mazuri Dar utashauriwa upunguze miguu uongeze mikono. Njia ya Ngannou, kuzamia, siwezi kumshauri mtu, tunamjua mmoja aliyefika na hatuwajui waliobaki jangwani. Njia inayonivutia ni ya Dricus du Plessis. Huyu alichukua mkanda wa UFC wa uzito wa kati Januari 2024 kwa kumpiga Sean Strickland, na hakuhama, alijifua nyumbani kwao Pretoria. Aliwezaje? Afrika Kusini wana EFC tangu 2009, kampuni ya kwao ya MMA, ambako alipigana, akachukua mikanda, kisha akaenda Poland kwenye kampuni ya KSW akashinda na akapigwa, UFC akaingia 2020 ameshaiva. Alikuwa na ngazi. Kila hatua alikutana na mtu aliyemzidi kidogo tu, sio Miocic mwaka wa nne.

Sisi ngazi hiyo hatujaijenga kwenye MMA ila vipande vya kuijengea vipo. Mikono tunayo, hilo halina ubishi. Kinachokosekana ni kazi ya chini, kushika, kuangusha, kuzuia kuangushwa, na wanaoijua wapo, tena karibu kabisa. Zanzibar wana judo iliyosimama miaka mingi, Andrew Mlugu ametuwakilisha kwenye judo Olimpiki ya Paris 2024. Nashindwa kuelewa kwanini jimu za ngumi za Temeke na Mabibo hazimwiti mtu wa judo hata siku mbili kwa wiki. Boti ya Unguja ni masaa mawili.

PFL Afrika ambayo Ngannou alipewa uenyekiti ilianza msimu wake wa kwanza Cape Town Julai 2025, na Oktoba ilikuwa BK Arena Kigali. Kigali hapo, sio Las Vegas. Wanaochukuliwa kwenye mashindano kama yale ni watu wenye rekodi ya MMA inayoonekana, mapambano matano sita yaliyosimamiwa na kuandikwa, rekodi ya ngumi hawaihesabu. Mtu anayetaka kupata hiyo nafasi miaka mitatu ijayo anatakiwa awe mkekani anaangushwa kuanzia wiki hii.